Ni Shawa Inayomaliza Tokeni, Si Balbu

Julai mjini Nyeri, jua huweza kukosekana siku tatu mfululizo. Ukungu hushuka kutoka Nyandarua, maji ya mfereji yanauma vidole, na huo ndio wakati simu yangu haitulii: "Fundi, njoo uangalie hii mita, inakimbia." Nimeitwa hivyo Ruring'u, Kamakwa, King'ong'o, hata Karatina na Othaya. Mara nyingi mita haina ubaya wowote. Inahesabu kinachopita ndani yake, na kinachopita msimu wa baridi ni joto.

Nikifika, sifungui mkoba wa vifaa kwanza. Namwita mama au baba wa nyumba tusimame pamoja mbele ya mita. Usoni pake pana kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na kwenye mita nyingi kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, kataa kakipepesa mara 1,000, yuniti moja imekwenda. Tunazima kila kitu ila friji. Friji ya wati 100 ikiwa inanguruma, kataa kanapepesa mara moja, kisha kananyamaza kwa zaidi ya nusu dakika. Halafu namwomba mtoto akafungue shawa ya umeme. Hapo mambo hubadilika: taa inapepesa mara tisini na kitu kwa dakika, huwezi hata kuifuatisha kwa kidole. Sijaona hotuba inayomwelewesha mtu haraka kuliko hilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Shawa nyingi tunazofunga huku ni za wati 5,500 hivi. Dakika kumi chini yake hula karibu yuniti 0.9. Balbu ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 100 kwa umeme huo huo. Sasa weka watu wanne nyumbani, kila mmoja akioga dakika kumi kila siku: ni karibu yuniti 110 kwa mwezi, kabla hujachemsha chai, hujapiga pasi, hujawasha televisheni. Ndiyo maana hunisikitisha kuona mzazi akimfokea mtoto kwa kuacha taa ya veranda ikiwaka, kisha yeye mwenyewe akaingia bafuni robo saa nzima.

Hizo yuniti 110 zina uzito mwingine ambao wengi hawaujui. Tangu Aprili 2023, Kenya Power inawatoza wateja wa nyumbani kwa madaraja matatu yaliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi yuko daraja la chini, lenye bei nafuu kabisa. Kuanzia 31 hadi 100 ni daraja la pili. Ukivuka 100, uko la juu. Kabla ya hapo daraja la nafuu lilifika yuniti 100, kwa hivyo familia nyingi zilipanda bei bila kubadilisha lolote nyumbani. Na ukipanda, bei mpya haigusi zile yuniti za ziada peke yake, inagusa zote. Shawa moja inaweza kuifanya hata balbu yako iwe ghali.

Daraja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Kwa hivyo ile imani kwamba ukinunua tokeni tarehe mosi, au ukinunua za shilingi hamsini hamsini, utaongezewa yuniti, haina msingi. Njia ni kushusha matumizi na kuvumilia hadi wastani ushuke. Kinachofanya shilingi 500 za mwezi huu zilete yuniti tofauti na za mwezi uliopita ni ada ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, ambazo EPRA hutangaza kila mwezi. Maji ya Gura, Chania na Sagana, yanayotoka milimani kwetu, huishia mto Tana na kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikikosa na mabwawa yakipungua, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi, na gharama hiyo inakuja hadi kwenye tokeni. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16 na ada ya umeme wa mashambani ya asilimia 5. Ukiwa na deni la zamani, hilo nalo hukatwa unaponunua.

Basi tufanye nini na shawa? Dakika kumi zikiwa tano, zile yuniti 110 zinakuwa 55. Jipake sabuni maji yakiwa yamefungwa. Shawa nyingi zina swichi ya viwango; mchana wa Januari na Februari hakuna haja ya kiwango cha juu. Na beseni lisidharauliwe: kupasha lita 15 hadi zifae kuoga kunahitaji kama yuniti 0.4, chini ya nusu ya shawa ya dakika kumi. Hita ya jua ni kifaa kizuri, lakini anayekuuzia akwambie ukweli kuhusu mawingu ya Juni hadi Agosti, ili usije ukaachwa na maji ya uvuguvugu wakati unapoyahitaji zaidi.

Kuna kosa la nyaya pia, ingawa si mara nyingi. Zima swichi zote, chomoa kila kitu kwenye soketi, urudi kwenye mita. Kataa kakiendelea kupepesa, kuna umeme unaovuja au kuna mtu ameunganishwa kwako. Usilale juu ya jambo hilo. Ita fundi mwenye leseni.

Wanaoniuma moyo zaidi ni wapangaji wa ploti. Chukua ploti ya vyumba vinane, kila chumba kikitumia yuniti 20 tu. Kila mpangaji angekuwa na mita yake ya Kenya Power, wote wangekuwa daraja la nafuu. Lakini mwenye ploti ana mita moja kubwa, na kila mlango umefungiwa mita ndogo ya kibinafsi. Kenya Power inaona yuniti 160 za mteja mmoja, inatoza bei ya juu, na mtu mwenye balbu mbili na redio analipa kama mwenye nyumba ya ghorofa. Gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, ulinganishe na jirani mwenye mita yake. Kisha nendeni kwa mwenye ploti mkiwa pamoja, mkiwa na karatasi ya hesabu mkononi, mwombe mita tofauti. Mpangaji mmoja husahaulika upesi. Wanane wenye hesabu husikilizwa.

Gesi nayo ina habari ya mlima. Nyeri iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Nanyuki huchemka kwenye digrii za chini ya hapo kidogo. Ndiyo sababu githeri yetu hukaa jikoni muda mrefu, na ndiyo sababu kuongeza moto sufuria ikishachemka ni kuchoma pesa: maji hayatapita digrii hizo, yatageuka mvuke tu. Punguza moto, funika. Sufuria ya presha huvuka digrii 110, kwa hivyo huku kwetu inafaa kuliko huko pwani. Ile ya umeme ya wati 1,000 hujizima na kujiwasha yenyewe, na chungu kimoja cha maharagwe kwa kawaida hakimalizi yuniti nzima.

Serikali iliiondolea gesi VAT Julai 2023, lakini nafuu hiyo hupotea ukiuziwa mtungi usiojaa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma cha shingo. Ukiona 14.2 kwenye mtungi wa kilo 13, mizani isome 27.2. Pima dukani kabla ya kulipa.

Na kina mama wa vikundi wana kikapu kilichoshonewa pamba na kitambaa ndani, cha kumalizia mapishi bila moto. Mahindi na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemshe nusu saa asubuhi, ingiza sufuria kikapuni ikiwa bado inatokota, fungia mto juu, uende shambani. Saa saba mchana ukifunua, mvuke bado unapanda. Irudishe motoni ichemke kidogo, kisha kaanga na vitunguu.