Je, Wajua? Picha Iliyotaja Jina la Marehemu

Picha iliyotoka nyumbani kwa posta ndiyo iliyomtambulisha askari aliyekufa bila jina. Ilikuwa Julai 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwili uliokotwa mjini Gettysburg, hauna barua wala kitambulisho. Mkononi, picha ya watoto watatu.

Magazeti ya wakati huo hayakuweza kuchapa picha za kamera. Yakaieleza kwa maneno tu, hadi nguo: vazi la mvulana mkubwa limeshonwa kwa kitambaa kimoja na gauni la dada yake. Habari zikafika Portville, New York, kwa Philinda Humiston. Ni yeye aliyempelekea mumewe, Amos, picha ile.

Katika vita hivyo karatasi ya kuandikia barua nayo ilikuwa adimu, hasa katika majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Ukurasa ukijaa, waandishi waliugeuza ubavu wakaandika tena juu ya mistari ileile. (Hebu isome kwa mwanga wa mshumaa!) Bahasha zilikatwa hata kwenye karatasi za kupambia kuta.

Askari wa Kaskazini, upande wa serikali ya Muungano, asiye na stempu hakukwama: senti 3 alilipa mpokeaji.

Barua ya kuvuka kwa adui ilipita chini ya bendera nyeupe. Ukurasa mmoja tu, bahasha wazi, na maafisa waliisoma kwanza. Mambo ya chumbani yalingoja.

Na huduma ya kuletewa barua mlangoni bila malipo ilianza katika miji ya Marekani tarehe 1 Julai 1863. Ndiyo siku aliyouawa Amos.