MALI BILA DAFTARI: JINSI YA KUPANGA KAZI ZAKO KWA SIMU NA TARAKILISHI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipoikariri methali hii nikiwa kidato cha kwanza, nilidhani inawahusu wenye maduka pale Thika mjini tu. Mwaka jana niliijua maana yake kwa machozi. Mpenzi msomaji, tega sikio nikueleze.

Mimi naishi Ruiru na ninasoma shule ya kutwa huku Thika. Kila alfajiri napanda matatu, tunapita Juja na Witeithie, safari ya kilomita zipatazo 20. Mama yangu huuza mboga Ruiru. Muhula wa kwanza mwaka jana aliniletea fomu ya basari akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo karo yako. Usiilalie." Fomu ilihitaji sahihi ya chifu, muhuri wa shule na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nikaitia katikati ya kitabu cha Jiografia.

Si kwamba sikuikumbuka. Niliikumbuka sana, lakini ndani ya matatu, au kitandani usiku wa manane, chifu naye amelala fofofo. Siku nilipoitoa kitabuni, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku tatu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwani tarehe iliandikwa juu ya fomu kwa herufi kubwa. Mama hakunigombeza. Alikwenda kwenye chama chao akakopa, na deni hilo alililipa hadi Desemba. Kila nilipomwona akihesabu sarafu jioni, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mwalimu wetu wa somo la Tarakilishi ndiye aliyenifumbua macho. Alituambia kwamba mwaka wa 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti alioufanya huko Berlin, Ujerumani. Aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akawakatiza kabla hawajazimaliza. Baadaye walizikumbuka zaidi zile walizokatizwa. Naam! Kazi isiyokwisha hukwama akilini na kupiga kelele, lakini haichagui saa ya kukukumbusha. Hiyo ndiyo sababu ya kuiandika mahali ambapo utaiona kwa wakati ufaao.

Basi nikaazimia kutumia simu ya mama. Niliandika kila kitu humo na kuweka kengele ya saa nane mchana. Lo! Kengele ililia kwenye meza ya mboga Ruiru, mimi niko darasani Thika nikipambana na logi. Mama hawezi kuiacha simu nyumbani kwa sababu wateja humlipa kwa M-Pesa. Jioni akaniuliza, "Hii 'Insha ya Kiswahili' ni nani, mbona ananipigia kelele nikihudumia watu?" Tulicheka, lakini nilijifunza kwamba mpango sharti ulingane na maisha ya mwenyewe. Baada ya kurekebisha hapa na pale, sasa nafuata hatua tano.

Kwanza, nina daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, hivyo kila kazi ninayopewa mchana, iwe ya mwalimu au ya chama, naiandika humo papo hapo. Siandiki mkononi wala nyuma ya kitabu cha hesabu. Yote huingia mahali pamoja.

Pili, saa mbili usiku mama akiwa amerudi, kengele moja tu hulia. Wakati huo simu na mimi tuko pamoja. Nachukua daftari na kuhamisha yaliyomo. Kazi yenye tarehe huenda kwenye kalenda ya simu, na isiyo na tarehe huenda kwenye orodha. Dakika kumi zinatosha. Usidhani lazima uwe na simu ya bei ghali. Hata kabambe ya vibonyezo ina kengele, na nyingi zina kalenda. Mwenye simu ya kugusa anaweza kutumia Google Calendar na Google Tasks bila malipo. Ukitumia akaunti ileile kwenye saiba, utaikuta ratiba yako huko pia.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, usiweke kengele ya siku ya mwisho pekee. Siku hiyo ikifika umechelewa tayari. Ivunje kazi iwe vipande, kisha kila kipande ukipe siku yake. "Fomu ya basari" si kazi moja. Kuna kutoa nakala, kumwona chifu, kupata muhuri, na kuipeleka. Vilevile "kusoma riwaya" ni kazi isiyoshikika, ilhali "kusoma sura mbili Jumamosi" unaweza kuimaliza na kuifuta.

Nne, Ijumaa tukiwa kwenye chumba cha tarakilishi, naweka kazi za muhula mzima katika lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel. Safu ya A ni kazi, B ni hatua inayofuata, C ni tarehe ya mwisho, na D ni siku zilizosalia. Katika D2 naandika =C2-TODAY() kisha naiburuta chini. Kila nikifungua jedwali, tarakilishi hujihesabia upya siku zilizobaki. Ukiona tarehe badala ya idadi ya siku, ibadilishe safu hiyo iwe ya namba. Ukiona namba yenye alama ya kutoa, jua kazi imekupita. Tarehe zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, la sivyo nyingine zitachukuliwa kama maneno na hazitapangika. Mimi hulihifadhi jedwali kwenye flashi.

Tano, Jumapili jioni napitia kila kitu. Nafuta yaliyokwisha na kutazama wiki ijayo. Wiki mbili nilipuuza hatua hii, na kalenda ikajaa mambo ya kale hata nikaacha kuiamini. Kengele usiyoiamini utaizima tu na kugeuka upande wa pili.

Mwaka huu fomu ya basari ilipokuja, niliivunja vipande usiku uleule. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mwaka jana halikunipitia akilini. Ofisi ya chifu hufunguliwa siku za kazi, na siku za kazi mimi niko Thika tangu alfajiri. Hata ningaliikumbuka fomu kila saa, nisingalimpata chifu saa moja usiku! Basi kipande hicho nikakiweka kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula, na siku hiyo nikawa wa pili kwenye foleni. Muhuri wa shule niliupata juma lililofuata. Fomu niliipeleka siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho.

Jioni hiyo mama aliniuliza, "Umeipeleka?"

"Nimeipeleka, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa simu niifute kazi hiyo mwenyewe.

Ninapoandika makala haya majina ya waliofaulu hayajatangazwa. Huenda nikapata, huenda nikakosa, kwani waombaji ni wengi. Lakini safari hii sitamwambia mama kwamba nilisahau. Nawe mwenzangu, usingoje kununua simu mpya ndipo uanze. Leo usiku chukua daftari, andika yote yanayokusumbua, kisha teua moja uipe siku na saa. Kalamu naitua hapa, maana kengele ya saa mbili inalia.