Nani Fundi, Nani Mwanafunzi? Namba za Tenisi Zinavyopatikana

Pita baraza yoyote ya Mji wa Kale wakati wa jioni, uliza nani fundi wa bao, utaonyeshwa kwa kidole. Mzee yule hana cheti wala namba. Wenzake wamecheza naye miaka na miaka, wamemfunga mara chache na wamefungwa mara nyingi, basi wanamjua. Na sisi hupimana hivyo hivyo katika dhumna, karata na keram. Twapimana kwa kujuana.

Taabu huanza wanapokutana watu wasiojuana. Wewe watoka mtaa huu, mimi natoka mji mwingine, na sote twasema twajua kucheza. Nani apangwe na nani? Mwanafunzi akikutanishwa na fundi, mechi itakwisha kwa nusu saa na hakuna aliyefaidi. Aliyefungwa amevunjika moyo, aliyefunga hakutoka hata jasho. Hapo ndipo zilipotokea namba za kupima uwezo wa mchezaji, na mchezo uliozishughulikia sana kwa watu wa ridhaa, yaani wasiolipwa, ni tenisi.

Najua wako watakaosema tenisi ni mchezo wa wenye vilabu, sisi yatuhusu nini. Mwaka 2022 Mkenya Angela Okutoyi alishinda taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika yale mashindano makubwa manne ya tenisi duniani. Basi mchezo huu si wa wageni tena. Na mzazi wa Mombasa au Malindi ambaye mwanawe ameshika raketi atakutana na namba hizi apende asipende.

Tuanze Marekani. Chama cha tenisi cha huko, USTA, kilianza mwaka 1979 utaratibu unaoitwa NTRP. Madaraja yake hupanda kwa nusu nusu. Anayeanza kushika raketi yuko karibu na 1.5, na 7.0 ni ya bingwa wa dunia anayekula kwa mchezo huo. Walio wengi katika ligi za watu wazima, yaani karani, daktari, mama wa nyumbani, wako kati ya 3.0 na 4.0. Ligi hupangwa kwa daraja, wa 3.5 wacheze na wa 3.5.

Mchezaji mpya hujipima mwenyewe. Hujibu maswali: una umri gani, ulichezea shule au chuo, ulifika wapi. Akishaanza kucheza, kompyuta inashika kazi. Kila mechi huangaliwa kwa mambo mawili, ulicheza na nani na mlimaliza gemu ngapi kwa ngapi. Kompyuta ina kipimo cha siri chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Wewe ukionyeshwa 3.5, ndani yake waweza kuwa 3.05 au 3.49, maana daraja hiyo inaanzia 3.01 na kuishia 3.50. Mwisho wa mwaka ndipo hutangazwa nani amepanda, nani ameshuka na nani amebaki palepale.

Hilo la gemu watu wengi hawalielewi. Tuseme kompyuta inakutarajia umfunge fulani 6-1, 6-2, nawe ukamfunga 7-5, 6-4. Umeshinda, umepongezwa, lakini kipimo chako chaweza kushuka, kwa kuwa hukufanya ulichotarajiwa kufanya. Na yule aliyefungwa aweza kupanda. Kipimo hakiulizi tu nani alishinda. Kinauliza pia mlipishana kwa kiasi gani.

Na hapo ndipo ujanja ulipojipenyeza. Nina mpwa wangu anayeishi huko, alinipigia simu amejaa hasira. Timu yao ilitolewa na mtu aliyejiandikisha 3.0, naye apiga mpira kama mwalimu. "Mjomba, huu si wizi?" akaniuliza. Nikamwambia sisi hapa twaujua ugonjwa huo kwa jina lake. Katika mashindano ya mpira ya mitaani, hasa yale ya Ramadhani, timu huleta mamluki. Katika mashindano ya vijana, mtu mwenye ndevu husema ana miaka kumi na sita. Wa tenisi naye hujishusha daraja. Wengine huachia gemu kwa makusudi, wakashinda 6-4 pale ambapo wangeshinda 6-0, ili kompyuta isiwashtukie kabla ya fainali za taifa. Na zawadi si fedha, ni kikombe na picha.

USTA wameweka ulinzi wao. Aliyejipima mwenyewe huchunguzwa mwaka mzima, na matokeo yake yakivuka mpaka wa daraja lake mara tatu, hutolewa katika daraja hilo. Inasaidia, lakini haimalizi. Namba iliyoanza kwa kauli ya mtu inategemea ukweli wa mtu huyo, na kompyuta huja nyuma kusafisha.

Kuna vipimo vingine viwili vilivyovuka mipaka ya nchi moja. Cha kwanza ni UTR, kilichobuniwa na mwalimu wa tenisi wa jimbo la Virginia, Dave Howell, mwaka 2008. Kinakwenda kutoka 1 hadi 16.5, na wanaume, wanawake, wazee na watoto wote wako katika ngazi moja. Huchukua hadi mechi 30 za miezi 12 iliyopita na kulinganisha gemu ulizopata na zile ulizotarajiwa kupata. Cha pili ni cha shirikisho la tenisi la dunia, ITF, kiitwacho World Tennis Number. Hiki kinakwenda kinyume, 40 ni ya anayeanza na 1 ni ya bingwa, na namba ya kucheza mmoja mmoja imetengwa na ile ya kucheza wawili wawili.

Mzazi wa Pwani ana sababu ya kusikiliza. Makocha wa vyuo vikuu vya Marekani wanapotafuta vijana wa kuwapa ufadhili wa masomo, UTR ni moja ya vitu wanavyoangalia kwanza. Kocha aliye mbali hawezi kuja Mombasa kumtazama kila kijana, basi huangalia namba. Na namba haitokani na kipaji peke yake, inatokana na mechi zilizoandikwa. Kijana aweza kuwa hodari kuliko wote mtaani, lakini kama hachezi mashindano yanayorekodiwa, kwa kocha yule ni kama hayupo.

Liko na jambo jingine lililojificha. Namba hizi hupata maana kwa watu kuchanganyika. Watoto kumi wa mji mmoja wakicheza wao kwa wao mwaka mzima, kompyuta itajua nani mkali kati yao, lakini haitajua wakali hao wanasimama wapi mbele ya wa Nairobi au Kampala. Lazima baadhi yao watoke wakacheze na wengine, au wengine waje kwetu. Mashindano mengi makubwa ya tenisi nchini huchezwa Nairobi. Nauli, malazi na chakula cha siku nne ni mzigo kwa mzazi wa kawaida. Kwa hivyo namba inayosemwa kuwa haina upendeleo inampendelea aliye karibu na uwanja na mwenye nauli. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa liko katika nani anafikishwa mbele ya hesabu hiyo.

Nini kifanyike? Naona mawili. La kwanza, walio na viwanja hapa Pwani waandae mashindano madogo ya mara kwa mara, matokeo yake yaandikwe na kupelekwa panapohusika, na wachezaji wa kaunti nyingine waalikwe. Wageni wanne wazuri watafungua njia ya kupima watoto arobaini.

La pili halihitaji kompyuta. Arpad Elo, Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, alitengeneza hesabu ya chesi ambayo chama cha chesi cha Marekani kiliikubali mwaka 1960. Yaweza kutumika kwa tenisi, keram au dhumna kwa daftari na kalamu. Kila mtu anaanza na alama 1000. Mkiwa sawa, kila mmoja anatarajiwa kushinda nusu ya mechi. Ukimzidi mwenzio kwa alama 200, watarajiwa kushinda takriban mechi 76 katika 100. Mkikubaliana kuwa alama 20 ndizo zinazogombewa, mshindi kati ya walio sawa huongezewa 10 na aliyefungwa hupunguziwa 10. Mkubwa wa alama 200 akimfunga mdogo hupata 5 tu. Mdogo akimfunga mkubwa hupata 15.

Kikundi cha vijana kikiweka daftari hilo kwa msimu mmoja, kitapata mambo mawili: mechi zenye ushindani, na mazoea ya kuandika matokeo kama yalivyo, hata yale yasiyopendeza. Mazoea hayo ya pili ndiyo magumu, na ndiyo yatakayomfaa kijana siku atakapoandikwa katika orodha ambayo kocha wa ng'ambo anaisoma.