Dar hadi Guangzhou: Uliza Kilo Kabla ya Bei

Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,700 angani. Ndege kubwa hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa, kwa hiyo isiyotua popote hukufikisha kwa saa 10 au 11. Ukipitia Addis Ababa au Dubai, njia inafika kama kilomita 9,800. Ndiyo, njia hizo mbili za kuunganisha zinakaribia kulingana. Wakala akisema "hii ndiyo fupi", muulize saa za kusubiri.

Tuseme tiketi ya kuunganisha imepungua dola 120, ila utakaa uwanjani saa tisa, usiku kucha. Chai kwa dola, maji kwa dola, usingizi wa kukaa kitini. Ukishindwa ukachukua chumba, nafuu yako imekwisha.

Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali usiziguse, hata zikiwa rahisi kwa dola 200. Begi halivuki lenyewe. Itabidi ulitoe Dubai, upite uhamiaji kwa viza ya kulipia, ulikabidhi upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na hela yako.

Sasa kilo, maana anayefuata mzigo huenda na begi tupu na kurudi na zipu inayolia. Tiketi moja inakupa begi moja la kilo 23, nyingine mawili. Kaunta ikikutoza, kwa mfano, dola 15 kwa kila kilo inayozidi, kilo kumi ni dola 150: tofauti yote ya bei imeliwa. Nimemwona mama kwenye foleni kavaa majaketi matatu, jasho linamtiririka, anaokoa kilo nne. Mizani ndogo ya kuning'iniza begi ingemwepusha na joto lile.

Saa nazo zina gharama. China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukiruka Dar saa tano usiku bila kutua njiani, unafika huko alasiri ya kesho yake. Mpaka upite uhamiaji na kupata hoteli, maduka yanafunga. Siku hiyo ilipie chumba, usiihesabie biashara. Na kama huendi kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Canton huko Guangzhou, yanayoanza Aprili na Oktoba, kwepa majira hayo. Vyumba hupanda bei.

Mimi ningefanya hivi: tofauti ikiwa chini ya dola 150 na kilo zikiwa sawa, nalipa ya moja kwa moja, mradi siku yake ya kurudi isinilazimishe kulala hotelini bila kazi. Ikizidi hapo, naunganisha kwa tiketi moja, kusubiri kusizidi saa nne.

Kabla hujatoa hela, soma kilo za kurudi kwenye tiketi yenyewe. Za mdomoni mwa wakala hazitambuliki kaunta.