Hadhira na Watazamaji: Kipindi Kipya cha Magari na Wanaokitazama Pamoja

Kiswahili kina maneno mawili ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa sawa: hadhira na watazamaji. La kwanza limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliozaa kuhudhuria, mahudhurio, na hata mhadhiri na mhadhara, na maana yake ya msingi ni kuwapo mahali. Mtazamaji, kwa upande wake, hadaiwi kuwapo popote. Kinachotakiwa kwake ni macho. Tofauti hii, ambayo mazungumzo ya kila siku huipita haraka, inasaidia kueleza yaliyowapata washabiki wa kipindi kipya cha magari kutoka Uingereza mwaka 2016, walipotaka kukitazama kwa pamoja.

Yafaa kuanzia nyuma kidogo. Top Gear ilianza katika BBC mwaka 1977 ikiwa kipindi cha kuwashauri wenye magari. Mwaka 2002 iliundwa upya na Jeremy Clarkson pamoja na mtayarishaji Andy Wilman. Richard Hammond alikuwamo tangu hapo, naye James May akaingia mwaka 2003. Ilirekodiwa katika banda la ndege huko Dunsfold, kusini mwa London, na watu waliokuja kuishuhudia hawakupewa viti. Walisimama wakiwazunguka watangazaji, karibu nao kabisa, wakicheka na kuguna. Kwa hiyo aliyekuwa nyumbani aliyaona magari, na pia aliwaona watu wakiyatazama magari. Wasomaji wa Lubumbashi hawatashangazwa na mpango huo: mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilipoigiza kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, wanakijiji walikuwapo papo hapo, kama alivyoeleza Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1990.

Kwa miaka mingi Top Gear ilionyeshwa Jumapili saa mbili usiku. Saa hiyo ilikuwa mali ya wote. Marafiki hawakuhitaji kupatana. Kila mmoja alijua, na mazungumzo ya Jumatatu kazini yaliwakuta wote wamekwisha kuona jambo lile lile. Hata safari ya mwaka 2013 ya kutafuta chanzo cha Nile, ambamo watatu hao walipita Uganda, Rwanda na Tanzania kwa magari makuukuu (motokari, wangesema watu wa Katanga), iligawanywa katika sehemu mbili za Jumapili mbili, na kati yake washabiki walikuwa na juma zima la kubishana.

Mwezi Machi 2015 BBC ilikataa kuendeleza mkataba wa Clarkson kwa sababu ya ugomvi kati yake na mtayarishaji mmoja. Hammond, May na Wilman wakamfuata, na wote wakahamia Amazon. Kipindi chao kipya, The Grand Tour, kilitolewa kwenye intaneti siku ya Ijumaa, tarehe 18 Novemba 2016. Dakika zake za kwanza zinastahili kuangaliwa kwa makini: Clarkson anaondoka London mvua inanyesha, anatua California, anaendesha gari peke yake, wenzake wanaungana naye njiani, kisha jangwani unatokea umati mkubwa wa watu na magari. Baadaye watangazaji wanaingia katika hema, na katika mfululizo huo wa kwanza hema lilihamishwa kutoka nchi hadi nchi: Johannesburg, Whitby, Rotterdam, Nashville, Dubai na kwingineko. Ni shida kutoona kinaya hapa. Kipindi kiligharimika kuipeleka hadhira yake mwenyewe kila pembe ya dunia, wakati ule ule kilipowanyima watazamaji wa nje saa ya pamoja. Kila Ijumaa kipande kimoja kilifunguliwa, na kuanzia hapo kila mtu alikitazama apendapo.

Basi saa ilibidi itengenezwe na washabiki wenyewe. Wanaokutana hawakutani kwa ajili ya picha, kwani picha ni ile ile chumbani kwa kila mmoja. Kinachowakutanisha ni nafasi ya kuchukua upande. Katika kipande cha kwanza magari matatu yalishindanishwa huko Portimão, Ureno: McLaren P1, Porsche 918 na LaFerrari. Clarkson aliahidi kwamba P1 ikishindwa, wenzake wana ruhusa ya kuibomoa nyumba yake. Anayetazama peke yake hutabasamu. Katika kundi, hata hivyo, kuna wa Porsche na wa Ferrari, na 918 ilipomaliza ya kwanza na P1 ya mwisho, ushindi na aibu vilikuwa na wenyewe. Tena rimoti imeleta mamlaka mapya ambayo Jumapili za zamani hazikuyajua: aliyeishika anaweza kusimamisha na kurudisha nyuma, na kundi hugombana kama ni halali kuusikia mngurumo wa injini mara ya pili kabla matokeo hayajajulikana.

Swali la mahali ni gumu zaidi. Vibanda vya Tanzania na baa za Kongo huishi kwa mpira kwa sababu mechi ina saa yake. Mkataba wa Amazon, kinyume chake, unamruhusu mteja kutazama kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Mwenye baa hana haki ya kuwafungulia wateja wake. Hivyo mkutano wa hadharani ukasukumwa sebuleni na gerejini, penye wanaofahamiana tayari. Mpita njia, ambaye zamani angeweza kunaswa na televisheni ya baa na kugeuka shabiki, hana mlango wa kuingilia.

Hema lenyewe halikudumu. Tangu Desemba 2017 lilitulia mahali pamoja, vijijini Uingereza, na mwaka 2019 likaondolewa. Zikabaki safari ndefu zisizo na hadhira yoyote kwenye skrini. Ya mwisho, iliyofanywa Zimbabwe, ilitolewa tarehe 13 Septemba 2024, Ijumaa tena, na waliotaka kuitazama pamoja iliwabidi, kama miaka minane kabla, waandikiane kwanza na kupatana saa.