KIA hadi Jeddah: Hesabu saa za kukaa, usihesabu kilomita

Kama wewe au mzazi wako mnajiandaa kwa Umra au Hijja kutoka hapa Kiboriloni, bila shaka mmeshaulizana: huko ni mbali kiasi gani? Kutoka KIA hadi Jeddah, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 2,800. Ndege isiyotua popote hutumia kama saa 4. Ukipitia Addis Ababa huongezi umbali, kwani mji huo uko karibu katikati ya njia hiyo hiyo. Ukipitia Doha, unavuka mbali kisha unarudi nyuma, na jumla inafika karibu kilomita 4,900.

Lakini miguu yako haijui kilomita. Inajua muda uliokaa. Jumlisha gari la kutoka Kiboriloni, kusubiri KIA, kusubiri tena kiwanja cha pili, na basi la kutoka Jeddah kwenda Makka. Saa 4 zinageuka kuwa siku nzima ya kukaa kitako. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi, iwe kwenye ndege, basi au gari, huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Wanaopatwa ni wachache, kama mtu 1 kati ya 6,000, ila bonge hilo likipanda mapafuni linaweza kuua. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, mnene sana, au aliyewahi kuganda damu, azungumze na daktari kabla ya kukata tiketi.

Vivyo hivyo mwenye maradhi ya moyo au mapafu. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama umepanda mpaka lango la Marangu au juu yake, tena ni kavu. Baadhi ya wazee wetu hujinyima maji wasisumbue watu kwenda chooni. Wanywe! Kule kwenda chooni ndiyo mazoezi yenyewe. Ukiwa kitini, zungusha vifundo vya miguu mara kwa mara.

Daktari akikuandikia soksi za kubana, na wewe ni mwanamume utakayekuwa katika ihramu, muulize sheikh wako mapema.

Wenye kisukari wana nafuu moja: saa za Jeddah na za Moshi ni sawa, hivyo ratiba ya dawa haibadiliki. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani kwenye shehena inaweza kuganda kwa baridi.

Ukirudi, hatari haijaisha. Huendelea kwa wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, nenda Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa ulisafiri.