Fahamu: Kwa nini Kenya inapunguza makao ya watoto
Makao mengi ya watoto nchini Kenya hutegemea wafadhili wa ng'ambo. Lakini watoto wengi wanaoishi humo si yatima: wana mzazi au jamaa aliye hai, ila umaskini, ukosefu wa karo au ulemavu umewatenganisha. Na mchango unapofuata idadi ya watoto, mwenye makao hupata sababu ya kujaza vitanda.

Mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya. Mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto kwa jamaa au kuwapeleka kwa familia za malezi ya kambo.

Mfadhili aulize: je, fedha zangu zinalipa karo mtoto akiwa kwao, au zinalipia kitanda chake mbali na nyumbani?